Kijana Wetu Amepangiwa Kituo cha Mbali



Mwezi huu twaomba ruhusa yenu tuliweke kando lile somo la adabu za chuoni tulilokuwa tukiliandama, maana limetufikia jambo ambalo twaona halimhusu mtu mmoja wala nyumba moja. Mzee mmoja wa hapa pwani, mtu wa swala na mwenye kuheshimika mtaani kwake, ametuletea swali. Binti yake ameolewa na kijana askari polisi. Kijana huyu alifunzwa Kiganjo, akahitimu, akafanya kazi miaka miwili hapa Mombasa, akaoa. Na sasa imemjia barua ya uhamisho. Barua yasema Turkana, katika kituo kilicho kaskazini ya mji wa Lodwar. Tangu siku ilipofika barua hiyo nyumba zote mbili zimekuwa kama zilizofiwa. Mama wa kijana alia, mama wa binti alia, na majirani waja kutoa pole na hali mwenyewe yu hai, ala na kunywa.

Mzee atuuliza mambo mawili. La kwanza: je, yafaa jamaa wa pande zote mbili wachange fedha, apewe mtu fulani aliyeahidi kwamba aweza kuibadili barua ile, kijana apelekwe Kwale au Kilifi? La pili: ikiwa hilo halikuwezekana, je, baba ana haki ya kumzuia binti yake asimfuate mumewe huko?

Katika swali la kwanza hatuna haja ya kuzunguka. Hiyo ni rushwa, hata ikiitwa shukrani, hata ikiitwa nauli, hata ikiitwa kikombe cha chai. Mtume wetu (S.A.W.) amemlaani mwenye kutoa na mwenye kupokea, na katika mapokezi mengine akatajwa pia yule apitaye katikati yao. Haya kila mtu ayajua, na mzee wetu ayajua pia, kwa hiyo twapenda kumwonyesha lile ambalo huenda huzuni imemfunika asilione. Barua ile ya uhamisho haipotei. Hubadilishwa jina tu. Kituo kile cha Turkana chataka askari, na asipokwenda mkwe wako, ee mzee, atakwenda mwingine. Na huyo mwingine atakuwa nani? Hatakuwa mwana wa tajiri, kwa kuwa mwana wa tajiri naye amekwisha kuchangiwa. Atakuwa mwana wa mjane wa Taita au wa Busia, asiye na mtu wa kumchangia hata shilingi mia. Basi fedha zile hazitamwokoa mtu na kituo kile. Zitamtoa aliyeandikwa na kumtia asiyeandikwa, na mama yake atalia vile vile anavyolia huyu wetu, wala hatajua ni nani aliyemliza.

Na tena kuna hesabu ya pili. Mtu aliyenunua kituo hukiona kuwa ni mali yake aliyoitolea mtaji, na mtaji sharti urudi. Utarudi kutoka wapi? Utarudi kutoka kwa utingo wa matatu, kwa mama auzaye samaki wa kukaanga bila leseni, kwa kijana wa bodaboda aliyesahau kofia yake ya chuma. Hao ndio watu wetu wenyewe. Sisi twalalamika kila siku kuwa askari barabarani hunyosha mkono, kisha usiku twachanga fedha za kumfundisha mwanetu kuunyosha wake.

Wasomaji watakumbuka yaliyotokea mwaka 2014, vijana wapatao 10,000 walipoandikwa katika polisi nchi nzima kwa siku moja. Malalamiko ya hongo na upendeleo yalikuwa mengi mno, hata ile mamlaka huru ya kuchunguza mambo ya polisi ikaenda Mahakama Kuu, na Mahakama ikaubatilisha uandikishaji wote. Wapo wazazi waliokuwa wameuza ng'ombe na kuweka rehani mashamba, wakabaki hawana ng'ombe, hawana shamba, wala mtoto hana kazi. Na vijana waliochaguliwa kwa haki, waliokimbia mbio zile kwa miguu yao na kuonyesha meno yao kwa mpimaji bila kumpa mtu senti, nao wakarudishwa nyumbani pamoja na wale wengine. Hilo la mwisho ndilo lituumalo zaidi.

Hatusemi kwamba ni haramu kuomba uhamisho. Ikiwa kijana ana mzazi mgonjwa asiye na mwangalizi mwingine, au yeye mwenyewe ana maradhi ambayo joto huyazidisha, na aandike barua kwa jina lake, aipitishe kwa mkuu wa kituo chake, aambatishe karatasi za daktari, na angoje jibu. Hiyo ni haki ya mfanyakazi. Ombi la namna hii mtu aweza kulisoma kwa sauti mbele ya wenzake wote wala asione haya.

Sasa tuseme juu ya hofu, maana wazee hawaogopi bure, na si adabu kumcheka mtu mwenye hofu ya kweli. Mwezi wa Novemba mwaka 2012, askari waliokuwa wakifuata ng'ombe walioibiwa waliviziwa katika bonde la Suguta, karibu na Baragoi katika nchi ya Wasamburu, wakauawa zaidi ya arobaini. Wengi katika hao walikuwa vijana waliotoka mafunzoni karibuni tu. Miaka miwili baadaye askari wengine wengi wakauawa karibu na Kapedo. Na mwezi wa Februari mwaka 2023 serikali ililazimika kuwatoa wanajeshi wakaungane na polisi katika kaunti sita za kaskazini ya Bonde la Ufa, Turkana ikiwa mojawapo, kwa sababu ya hao majambazi wa mifugo. Hatuwezi kumwambia mama wa askari kwamba hapana la kuogopwa. Atakayemwambia hivyo amdanganya, na mama huyo atasikia redio siku moja na hatamwamini mtu tena.

Lakini twataka ajue pia kwamba Turkana ni kubwa. Ni kaunti yenye kilomita za mraba karibu 70,000. Ukizichukua Rwanda na Burundi ukaziweka pamoja hazitafikia ukubwa wake. Kumwogopea mtu aliye Lodwar kwa sababu ya habari za Kapedo ni karibu na kumwogopea mtu aliye Lamu kwa sababu ya habari za Voi. Siku nyingi za askari wa huko si siku za risasi. Ni siku za jua, za vumbi, za kungoja gari la maji, za kuandika katika daftari kwamba mbuzi wanne wa fulani wameonekana katika zizi la fulani. Kinachowaangusha vijana wengi huko ni upweke kuliko bunduki, nao upweke huzaa ulevi, na ulevi huzaa mengine ambayo hatutayataja katika gazeti lisomwalo na watoto.

Na hapa yatupasa tuseme neno moja ambalo huenda baadhi ya wasomaji wetu wasilipende. Sisi watu wa pwani tuna malalamiko ya siku nyingi juu ya askari waletwao kwetu kutoka bara. Twasema hawajui kubisha hodi. Twasema waingia na viatu mahali pa kuswalia, waita wazee kwa majina matupu, wakamata vijana wetu kwa kuwa wamevaa kanzu tu. Malalamiko haya mengine ni ya haki kabisa. Lakini dawa yake ni nini? Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 246, yataka polisi wa nchi wawe na sura ya watu wa sehemu zote na makabila yote. Sura hiyo haiji kwa maandishi. Yaja kwa mtoto wa Kisauni kukubali kwenda Lokitaung, na mtoto wa Lokitaung kuja Kisauni. Sisi tukitaka watoto wetu wote wawe askari wa mtaa wetu tu, basi tumekubali na wengine wafanye hivyo kwao, na mwisho wake kila kabila lina bunduki yake. Na yule kijana wetu akifika Turkana, akumbuke yote tuliyokuwa tukiyalalamikia kwetu, asije akayatenda yeye kwa Waturkana. Nao wana hodi yao. Boma lao lina mlango wake hata kama ukuta wake ni wa miiba, na mzee wao aketiye juu ya kigoda chake kidogo chini ya mti ni mzee kama mzee aketiye barazani Mji wa Kale.

Watu wengi hudhani kwamba kupelekwa mbali ni adhabu, kama ilivyokuwa desturi ya wakoloni, ambao kweli waliifanya Turkana kuwa mahali pa kuwatupia watu. Mzee Jomo Kenyatta alifungwa Lokitaung, kisha mwaka 1959 akahamishiwa Lodwar kuwekwa kizuizini. Lakini sisi Waislamu tuna mfano mwingine ulio mkongwe zaidi. Mtume (S.A.W.) alipotaka watu wa kwenda Yemen, nchi ya mbali yenye watu wa dini na desturi tofauti, hakuwatafuta wale aliotaka kuwaepuka. Alimtuma Muadh bin Jabal, ambaye alimpenda na kumsifu kwa elimu, na pamoja naye akamtuma Abu Musa al-Ash'ari. Akawausia walainishe mambo wala wasiyafanye magumu, wawape watu furaha wala wasiwakimbize, na wao wawili wasikilizane.

Tazama hekima iliyomo katika kuwachagua wawili hao. Muadh alikuwa mtu wa Madina, mgeni kabisa huko aendako. Abu Musa alikuwa Myemeni mwenyewe, mzaliwa wa nchi ile, ajuaye lugha za watu wake na njia za milima yake. Kila mmoja alikuwa na sehemu yake ya kuisimamia, na walikuwa wakizuriana. Mgeni hana jamaa wa kumpendelea, na mwenyeji ana ujuzi ambao mgeni hatausoma chuoni. Askari wetu akifika kituoni atamkuta Abu Musa wake: chifu, au naibu wa chifu, au yule askari wa akiba mwenyeji ajuaye kisima kipi kina maji mwezi wa Januari na nyayo zipi ni za ngamia aliyekwenda mwenyewe na zipi ni za ngamia aliyeswagwa. Kijana mwenye akili hukaa na mtu huyo kwa heshima kama mwanafunzi, hata kama yeye ana cheo na mwenzake hana ila kitambaa cha begani.

Na wako wasemao kwamba kazi yenyewe ya uaskari haimfai Mwislamu. Hao tumewajibu zamani. Anas (R.A.) amepokea kwamba Qays bin Saad alikuwa kwa Mtume kama mkuu wa askari alivyo kwa mtawala, na Sayyidna Umar katika ukhalifa wake alikuwa akitembea mwenyewe usiku kuulinda mji. Ubaya wa askari watokana na askari.

Tuje sasa katika swali la pili, la binti. Swali hili ni zito kuliko la kwanza, kwa kuwa la kwanza lina jibu moja na hili lina majibu kwa kadiri ya hali.

Baba hana haki ya kumzuia mwanawe aliyeolewa asimfuate mumewe kwa sababu tu kwamba ni mbali, au kwamba hakuna jirani wa kabila lake, au kwamba mama yake atamkosa. Alipokubali posa alijua kwamba amwoza askari. Lakini mke naye ana haki zake, na katika hizo ni kuwa na makao yenye usalama na yenye kumstahili. Ikiwa njia ina hatari au mahali penyewe hapana amani, hapana mtu wa kumlazimisha kwenda, si mume wala baba. Kambi ndogo ya mpakani, yenye mahema na mifuko ya mchanga, ambayo askari wenyewe hulala na viatu, si makao ya mke. Tusichanganye mambo mawili haya.

Kwa upande mwingine, wako wazazi waonao kuwa suluhisho ni jepesi: mume aende, mke abaki kwao, na pesa zije kwa simu kila mwisho wa mwezi. Jambo hili limekuwa desturi, na sisi twaliogopa kuliko Suguta. Sayyidna Umar (R.A.) katika matembezi yake ya usiku alimsikia mwanamke ndani ya nyumba yake akilalamika kwa mashairi upweke wa kuachwa na mume aliyekwenda vitani. Khalifa hakumkemea. Alikwenda kwa binti yake, Bibi Hafsa, mama wa Waumini, akamwuliza mwanamke aweza kuvumilia muda gani bila mumewe. Bibi Hafsa aliona haya, kisha akajibu. Mapokezi mengine yataja miezi minne, mengine sita. Ndipo Umar akaamuru askari wasizuiliwe vitani kupita muda huo. Fikirini, ndugu zetu: mtawala wa dola ile kubwa, mwenye majeshi Shamu na Iraki, aliibadili amri ya kijeshi kwa sababu ya sauti ya mwanamke mmoja nyuma ya mlango. Nasi twamwambia binti wa miaka 22 avumilie miaka mitatu, na kwamba asipovumilia hana malezi!

Tena nyumba mbili hula mshahara mara mbili. Serikali huwapa watumishi wake wa sehemu hizo marupurupu ya mazingira magumu, na marupurupu haya yana miujiza yake: askari hajayapokea, na jamaa zake Mombasa wamekwisha kuyagawa. Huyu ataka karo, yule ataka bati, na mjomba ambaye hakuonekana tangu harusi ataka mtaji wa duka. Askari aliye peke yake hana wa kumsaidia kusema hapana. Lakini mwenye mke pale alipo ana mtu wa kukaa naye jioni wakahesabu, na mke ndiye ajuaye unga umebaki kiasi gani.

Basi rai yetu ni ya kati na kati. Binti na aende, lakini asiende kambini. Na akae Lodwar, au Kakuma ikiwa kituo cha mumewe ki karibu na huko. Tangu mwaka 2018, serikali ilipoanza kuwapa askari posho ya nyumba ili waishi miongoni mwa raia, kupanga nyumba mjini si jambo geni kwa askari. Lodwar ni mji. Una hospitali kubwa ya kaunti, una shule, una soko, una misikiti na wafanya biashara Waislamu, wengi wao Wasomali, na Kiswahili chasikika sokoni. Kakuma, iliyo mwendo wa kilomita 120 hivi kutoka Lodwar, ina kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1992, na ndani yake mna Waislamu wa mataifa mbalimbali, misikiti yao na vyuo vyao vya Kurani. Mtoto atakayezaliwa huko hatakosa wa kumfundisha alifu na bee. Mume atakuwa kituoni siku za zamu, na siku za mapumziko atakuja kwake, na safari hiyo ni ya saa chache, si ya siku mbili kama ya kuja Mombasa.

Kabla binti hajapanda gari, mume atangulie mwezi mmoja au miwili, aione nyumba kwa macho yake, ajue maji yatoka wapi na kwa bei gani, amjue imamu wa msikiti ulio karibu na mke wa imamu. Huyo wa mwisho ni muhimu kuliko samani. Na binti asiende na makabati. Aende na chandarua, mapipa ya plastiki ya maji yenye vifuniko, na nguo za pamba nyepesi. Joto la mchana la Lodwar hupita digrii 35 karibu mwaka wote, na mvua yake ya mwaka mzima haifiki robo ya mvua ya Mombasa. Miti ya mikoma ataiona, lakini nazi atazisahau. Ajifunze kupika kwa maziwa.

Sasa kijana, tuna maneno kidogo nawe.

Mombasa twaelekea kaskazini katika swala karibu moja kwa moja. Huko uendako kibla ni kaskazini ikiinamia kidogo mashariki. Usiswali kwa mazoea ya nyumbani. Na ile ratiba ya swala iliyotundikwa ukutani kwenu hapa usiichukue, kwa sababu Turkana i magharibi yetu, na jua la Lodwar huchelewa kuchwa kuliko la Mombasa: dakika chache tu mwezi wa Disemba, lakini karibu nusu saa mwezi wa Juni. Mtu atakayefungua saumu Lodwar kwa adhana ya redio ya Mombasa amekula mchana. Ukiwa umehamia kituoni kwa kukaa, wewe si msafiri, utaswali swala kamili. Ruhusa ya kupunguza ni ya doria ndefu na safari za mbali, na mipaka yake uisome kwa mwalimu wako kabla hujaondoka. Usome pia kutayamamu, kwa kuwa maji ya huko huenda yakatosha kunywa tu.

Jifunze kuchinja. Vijana wengi wa mjini wala nyama kila siku na hawajapata kushika kisu mbele ya mbuzi. Katika kituo chenye Waislamu wawili, asiyejua kuchinja atakula maharagwe mpaka uhamisho mwingine. Wenyeji wako ni wafugaji. Wao hunywa maziwa, na wengine hutoa damu ya mnyama aliye hai wakainywa. Damu kwetu ni haramu, lakini haikupi ruhusa ya kukunja uso. Mtu aweza kukataa chakula kwa maneno mazuri na mkono kifuani, na ajuaye kuitikia "Ejok" huachiwa mengi.

Tena kuna mbuzi. Hili ndilo twalotaka ulisikie vizuri, maana mjini rushwa huja kwa noti iliyokunjwa, nawe utaijua, lakini huko huja na miguu minne na kwa heshima zote. Mtu ambaye umemrudishia ngamia wake atakuletea mbuzi, na kwa mila yake kumrudisha mbuzi huyo ni tusi. Wiki ya pili yake mtu huyo huyo ana kesi na jirani yake, na jirani hana mbuzi. Mtume (S.A.W.) alimtuma mtu aitwaye Ibn al-Lutbiyya kukusanya zaka, akarudi na mali mafungu mawili, akasema fungu hili ni lenu na hili nimezawadiwa. Mtume alikasirika, akapanda mimbari, akauliza watu kama mtu huyo angeletewa zawadi hizo lau angalikaa nyumbani kwa baba yake au mama yake. Basi mbuzi akija, jiulize: lau ningekuwa Kisauni kwa mama, je, mbuzi huyu angenijia? Ukimrudisha, mrudishe kwa kinywa cha yule mwenyeji, Abu Musa wako, aelezaye kwa lugha yao kwamba askari amekwisha kulipwa na serikali kwa kazi ile. Ukiona kumrudisha kutaleta uadui mkubwa, mkuu wa kituo aarifiwe, mbuzi achinjwe mchana, na ale kila mtu, yule jirani asiye na mbuzi akiwa wa kwanza kukaribishwa.

Na neno la mwisho ni juu ya mahabusu. Sheria ya nchi, katika kifungu cha 49 cha Katiba, yataka mtu aliyekamatwa afikishwe mahakamani kabla ya kupita saa 24, au siku ya kwanza ya kazi ikiwa mahakama imefungwa. Kituoni kwako mahakama yaweza kuwa mbali sana, na gari halina mafuta, na wenzako watakuambia hapa si Mombasa, mwache akae ndani. Yule aliye ndani huenda hajui kusoma, hana wakili, na jamaa zake wamehama na mifugo yao. Hapana atakayejua ila wewe na Mola wako. Andika katika daftari saa aliyoingia, iwe saa ya kweli, na kila asubuhi umkumbushe mkuu wako kwa adabu mpaka gari lipatikane. Wakubwa wengine huchoka na askari wa namna hii. Wachoke.

Mzee wetu aliyeuliza ametuambia kwamba fedha za kwanza zimekwisha kukusanywa, nazo ziko kwa shemeji yake. Twamwomba azirudishe kwa wenyewe wiki hii, au kwa idhini yao ziwe nauli ya binti na kodi ya miezi mitatu ya kwanza Lodwar. Alituuliza pia juu ya mahari iliyobaki, kama yadaiwa kabla ya safari au baada yake; hilo lina maelezo marefu, na inshallah tutalijibu mwezi ujao.

Wabillahi tawfiq.